Mstari wa Saba Ubaoni

"Achia! Nimesema achia, daftari hili si la kwenu!"

"La kwenu nyinyi? Kaka yangu alikuoa, hakukuandikia kichwa chake!"

Wifi mtu alishika pembe moja, mjane akakamata nyingine, na katikati yao daftari la shule lenye jalada la kijani lilikuwa limeanza kulia kwenye uti wake. Walikuwa wamesimama ndani ya duka la kinyozi, kati ya viti viwili vya kunyolea, miguu yao hatua moja tu kutoka kwenye doa la damu ambalo hakuna aliyekuja kulisugua.

"Ndugu yako amemuua, sasa wewe umekuja kurithi hata akili zake!"

"Ndugu yangu hajaua mtu."

"Amekiri! Amekiri kwa mkono wake, mji mzima unajua!"

"Mji mzima ulikuwepo alipokuwa anapigwa?"

Sajini, askari mwanamke, aliinama kupita chini ya utepe wa polisi, akaingia, akaweka kiganja chake kizito juu ya daftari kama mama anayewatenganisha watoto kwenye sahani moja.

"Atakayelichana atalala ndani," alisema. "Na leo sichagui."

Wote wawili waliachia. Sajini akalibana daftari kwapani.

"Nani aliwaruhusu kuingia humu?"

"Nilifuata nguo zake za kumzikia," mjane alisema. "Koplo aliniruhusu. Nikafungua droo ya mikasi, nikalikuta daftari lake la utabiri. Huyu akanirukia mgongoni."

"Mgongoni!" wifi mtu alicheka bila furaha. "Bado una mgongo wewe?"

"Wewe nenda nje," Sajini alimwambia wifi mtu. "Ukimaliza kulia, nenda nyumbani. Hujamaliza, lilia huko huko nje. Mjane, kaa."

Ilikuwa Jumamosi, saa saba na robo mchana. Kwenye selo ya kituo alikuwa amekaa Dereva, kaka wa mjane, na saa kumi na moja jioni gari la mahabusu lingekuja kumchukua kumpeleka gereza kuu. Sajini alilijua gereza hilo na aliyajua mafaili yake. Mtu akishaingia kule na ungamo limebandikwa juu ya jalada, hakuna anayefunua ukurasa wa pili.

Kesi yenyewe Mkuu wa Kituo aliifunga kwa mahesabu ya dakika tano. Marehemu alikuwa kinyozi, lakini watu walimwita Mtabiri. Kwa miaka kumi na mitatu, kila Ijumaa alfajiri, ubao mweusi ulitundikwa nje ya duka lake na mechi kumi za ligi za mwisho wa wiki, kila mechi na matokeo yake kwa chaki nyeupe, kabla mpira wenyewe haujachezwa. Wapita njia waliupiga picha wakienda kazini, wakajaza mikeka yao ya kubeti. Ijumaa hii pia ubao ulikutwa nje kabla jua halijachomoza. Kwa hiyo, alisema Mkuu, Mtabiri alikuwa hai Ijumaa alfajiri. Saa kumi na mbili asubuhi muuza magazeti alimwona Dereva akitoka mbio mlangoni, shati lina damu kwenye mkono. Wiki moja kabla, Dereva alikuwa amemwambia shemeji yake mbele ya watu kwamba akimpiga tena dada yake, atamnyoosha. Mchana maiti ikakutwa, kisogo kimepasuka kwenye chuma cha kukanyagia miguu cha kiti cha kwanza. Kuna kingine cha kutafuta?

Kilikuwepo kimoja. Daktari wa hospitali alikataa kutaja saa. Duka lilikuwa limefungwa na lina joto, alisema, kwa hiyo kifo kingeweza kuwa cha Alhamisi jioni au cha Ijumaa alfajiri, na yeye haapi. Na Alhamisi, saa mbili usiku, Dereva alikuwa kwenye mizani ya malori, mwendo wa saa tano kutoka mjini. Risiti ya mizani ilikuwa ndani ya jalada, nyuma kabisa. Yeye alisema alilala njiani ndani ya lori, akafika saa kumi na mbili asubuhi moja kwa moja kutoka safari, akakuta mlango umerudishwa tu, akaingia, akamgusa shemeji yake shingoni, akakimbia. Hivyo ndivyo alivyosema Ijumaa. Jumamosi alfajiri alisaini ungamo. Sajini alikuwa ameiona ile saini. Ilikuwa ya mtu ambaye vidole havikunjiki.

"Hebu niambie kazi ya daftari hili," alimwambia mjane.

"Kila Alhamisi mchana alikuja nyumbani kula. Aliandika kwa penseli huku anatafuna, halafu ananisomea mechi zote kumi."

"Ulikuwa unazijua timu?"

"Hata moja. Alikuwa anajisomea mwenyewe, mimi nilikuwa ukuta. Akishafunga daftari, amefunga. Anarudi dukani nalo, na alfajiri yake ananakili ubaoni vilevile."

"Hakuwahi kubadilisha?"

"Afande, mume wangu alikuwa mtu wa kumwambia nyumba inaungua akakujibu ameshaamua haiungui. Alinipiga, sifichi. Na kaka yangu alimtishia, sifichi. Lakini kaka yangu anaweza kumpiga mtu ngumi ya uso. Kumsukuma mtu akamwacha anavuja, halafu aende zake? Hapana."

Sajini alimwita Koplo, msaidizi wake, kijana wa miaka thelathini aliyekuwa anajua majina ya wachezaji wa akiba kuliko majina ya shangazi zake. Ubao bado ulikuwa umetundikwa nje. Mkuu hakuona sababu ya kuuchukua, alisema yeye anapeleleza mauaji, hapelelezi mpira. Sajini aliushusha, akauingiza ndani, akauegemeza kwenye kioo.

"Soma ubaoni. Mimi nafuata daftarini."

Koplo alisoma. Wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa. Mstari wa tatu mpaka wa sita, tarakimu zilikuwa zilezile na hata vistari vya katikati vilikuwa na urefu uleule.

"Wa saba. Wahunzi moja, Nyuki tatu."

"Rudia."

"Wahunzi moja, Nyuki tatu." Koplo alikunja uso. "Ngoja, Afande. Hii ni nini?"

"Huku imeandikwa Wahunzi mbili, Nyuki sifuri."

"Hiyo ya huko ndiyo yenyewe. Nyuki hawajashinda ugenini msimu mzima. Wahunzi wana kipa hajafungwa nyumbani mechi sita, wanamwita Sumaku. Nyuki wafunge matatu pale? Kwa mikono?"

"Labda marehemu alikosea kunakili."

"Ngoja niangalie mitatu iliyobaki. Sawa, sawa, sawa. Mistari tisa bila kosa, halafu mmoja akosee tarakimu zote mbili?"

Sajini aliusogeza ubao mlangoni, akaulaza kidogo ili mwanga uupige ubavuni. Kuzunguka mstari wa saba chaki ilikuwa imepakazika, kama mtu alipitisha kiganja. Chini ya moja palikuwa na mkunjo mweupe uliofifia. Chini ya tatu palikuwa na duara.

"Mbili," Koplo alisema polepole. "Na sifuri."

"Aliandika kama daftari linavyosema. Akasimama. Halafu akafuta, akaandika anavyojua yeye." Sajini alimgeukia mjane. "Mumeo alikuwa anafuta kwa kiganja?"

"Kwa kiganja? Mtu anayeshika vichwa vya watu? Alikuwa na kitambaa chake. Kile pale, kwenye msumari."

Kitambaa kilikuwa kwenye msumari, kimekunjwa mara nne. Sajini alikikung'uta. Hakikutoa vumbi. Kilikuwa kimefuliwa na hakijatumika.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na fundi cherehani wa sare za shule, na nje ya mlango wake ubao mwingine. Watu walimwita Profesa, kwa heshima kidogo na kejeli nyingi, kwa sababu yeye pia alitabiri, na kwa miaka kumi na mitatu aliambulia nafasi ya pili mtaani. Wiki mbili zilizopita aliuangusha ubao wa kinyozi kwa teke, mchana kweupe. Sajini alimkuta anakata kola.

"Nilikuwa nakungoja tangu jana," Profesa alisema, bila kuacha mkasi. "Nimechelewa kushukiwa mpaka nimeona vibaya."

"Ulimpenda?"

"Nilimchukia. Teke lilikuwa la kwangu na ningelirudia."

"Alhamisi jioni ulikuwa wapi?"

"Hapa. Sare mia na ishirini, mwalimu mkuu alikuja na gari kuzichukua saa tatu usiku, mke wangu alikuwa anashona vifungo palepale ulipokaa. Muulize mwalimu, muulize mke wangu. Yeye atakueleza na mengine ambayo hujamuuliza."

"Unajua kuiga mwandiko wa Mtabiri?"

"Mtaa mzima unaujua. Lakini mama, kabla hujanifunga, kasome ubao wangu."

Sajini alichungulia nje. Mstari wa saba wa Profesa ulisema Wahunzi tatu, Nyuki sifuri.

"Kila mwenye akili timamu ameandika Wahunzi washinde," Profesa alisema. "Jana asubuhi nilipoona ule ubao wake nilicheka mpaka nikajichoma sindano. Nikajiambia, leo mwenzangu amerukwa. Halafu nikaacha kucheka."

"Kwa nini?"

Fundi aliweka mkasi chini. "Kwa sababu hakuwahi kurukwa. Nikueleze kitu ambacho nisingekueleza angekuwa hai. Yule hakunizidi akili. Alinizidi masikio. Mimi nasoma magazeti, nahesabu magoli, napiga mistari. Yeye alikuwa anajua nani kalala na homa, nani kagombana na kocha, nani goti linamsumbua. Kuna mtu alikuwa anamletea habari kutoka chumba cha kubadilishia nguo."

"Nani?"

"Ningemjua si ningemwiba?"

Sajini alisimama.

"Mama," Profesa alimwita akiwa mlangoni. "Aliyeandika Nyuki tatu hakuwa anabahatisha. Mtu akibahatisha huandika mbili moja, ajifiche hapo. Huyo aliandika kama mtu anayesoma cheti cha hospitali."

Walifika uwanjani saa tisa na nusu. Mashabiki wa Wahunzi walikuwa wameshajaza majukwaa matatu na ngoma zilikuwa zinapigwa tangu mchana. Koplo alitaka kueleza kwamba mechi inaanza saa kumi kamili. Sajini akamwambia anaijua saa.

Kocha wa Wahunzi aliwazuia mlangoni kwa mwili wake wote. Alikuwa mtu mfupi mwenye shingo ya ng'ombe.

"Afande, kwa heshima zote, chumba cha kubadilishia nguo hakiingiwi kabla ya mechi."

"Sumaku yuko wapi?"

Shingo ilitulia. "Yuko ndani anajiandaa."

"Mwite."

"Haitwi mtu."

"Nitakaa hapa mlangoni mpaka atoke na timu. Asipotoka, nitakuuliza tena, na safari hiyo mbele ya waandishi."

Kocha aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akamvuta kwa kiwiko ndani ya chumba kidogo cha huduma ya kwanza. Kulikuwa na kitanda kirefu cha ngozi bandia, rafu ya chupa za dawa ya kuchua, na harufu ya karafuu na mafuta iliyochoma macho. Pembeni, kwenye kiti cha mbao, mtu wa makamo alikuwa anaviringisha bandeji, moja baada ya nyingine, akizipanga kwenye begi jekundu kwa ukubwa. Alikuwa na mikono mikubwa kuliko mwili wake. Hakuacha kazi.

"Huyu ni mkandaji wetu," kocha alisema. "Wachezaji wanamwita Bandeji. Mbele yake unaweza kusema, anajua. Sumaku amevunjika kifundo cha mkono. Alhamisi, saa kumi na moja jioni, mazoezini, wenzake wameshaondoka. Aligonga mwamba."

"Nani anajua?"

"Watatu. Mimi, yeye mwenyewe, na huyu. Nilimpeleka Sumaku kwa gari langu hospitali ya mbali, mji wa pili, ili habari isitoke. Tulilala huko. Kadi ya hospitali hii hapa, saa zimepigwa mhuri. Kipa wa akiba nimemwambia leo asubuhi. Nyuki wakijua mapema kwamba lango halina mtu, tumekwisha. Timu hii ikishuka daraja, familia arobaini zinakosa kula."

Sajini aliisoma kadi mbele na nyuma, akairudisha. Kisha akavuta kiti, akakaa mbele ya mkandaji, magoti yao karibu kugusana.

"Mzee, habari za kazi."

"Salama, mama."

"Timu hii ina kanuni gani kwa mtu anayetoa siri nje?"

Mkandaji alimtazama kocha. Kocha akajibu yeye. "Anafukuzwa siku hiyohiyo. Na hapati timu nyingine."

"Nauliza kwa sababu habari ya Sumaku imetoka," Sajini alisema.

"Imetoka?" kocha alipaza sauti. "Nani? Imetoka kwa nani?"

"Ndiyo namuuliza mzee. Ulimwambia mtu?"

"Sikumwambia mtu." Mikono ilikuwa inaviringisha polepole zaidi.

"Mkeo?"

"Sina mke."

"Rafiki? Jirani? Kinyozi wako?"

"Hakuna," mkandaji alisema. "Naapa mbele ya kocha. Neno halijatoka mdomoni mwangu. Miaka kumi na tisa niko na timu hii."

"Mtabiri ulikuwa unamfahamu?"

"Alikuwa ananinyoa. Kila mtu alikuwa ananyolewa pale."

"Mara ya mwisho ulimwona lini?"

"Wiki iliyopita. Jumatatu. Ndiyo, Jumatatu."

"Alhamisi baada ya mazoezi ulikwenda wapi?"

"Chumbani kwangu. Nililala mapema."

"Una uhakika? Kama ulipita kwa Mtabiri mkapiga soga, ukateleza ulimi, si kosa la kunyongwa. Niambie tu."

Sajini alisema hivyo kwa sauti ya kumwonea huruma, akasubiri. Kocha alikuwa amemsimamia mkandaji juu ya kichwa, mishipa imetoka. Mkandaji alimtazama kocha, si Sajini.

"Sikupita. Sikumwambia. Kocha, wallahi sikumwambia."

"Vizuri." Sajini alifungua kalamu. Aliandika mistari minane kwa herufi kubwa zinazosomeka, akamsomea, akamgeuzia karatasi. Mkandaji alisaini. Kocha alisaini kama shahidi, amefarijika mpaka anatabasamu. Kengele ya mwamuzi ilipigwa nje, viatu vya njumu vikaanza kugonga sakafu ya korido, na wawili hao wakatoka na timu.

Koplo alikuwa amekunja uso. "Afande, amekana kila kitu. Tumeondoka na nini?"

"Amekana alichotakiwa kukubali. Fikiri. Angesema nilipita Alhamisi nikamwambia, basi Mtabiri angeweza kuandika ule mstari mwenyewe, Ijumaa alfajiri, akiwa hai, na Dereva angebaki pale alipo. Mlango ulikuwa wazi. Nimemfungulia kwa mikono miwili."

"Lakini aliogopa kocha."

"Aliogopa kufukuzwa kazi, akaruka kosa dogo, akaangukia kubwa. Sasa tunayo kwa saini yake. Waliokuwa wanajua ni watatu. Wawili walilala hospitali ya mbali. Wa tatu anaapa hakumwambia marehemu. Kama marehemu hakuambiwa, marehemu hakuandika. Aliyeandika ni aliyekuwa anajua."

Koplo akapiga mluzi mdogo.

"Na kama aliandika huyu," Sajini aliendelea, "ubao haumpi Mtabiri uhai wa Ijumaa. Amekufa Alhamisi jioni, Dereva yuko kwenye mizani."

Alimpigia Mkuu wa Kituo akiwa kwenye mlango wa uwanja. Timu zilikuwa zinapeana mikono. Alieleza kwa sentensi sita. Upande wa pili kulikuwa na redio, na redio hiyo ilikuwa inatangaza mechi hii hii.

"Mkandaji wa Wahunzi," Mkuu alirudia. "Unataka umfunge mtu wa Wahunzi, uwanjani kwa Wahunzi, mbele ya watu elfu nane. Kwa sababu ya chaki."

"Kwa sababu ya maelezo yaliyosainiwa, Mkuu."

"Tuna ungamo."

"Ungamo nimeliona."

Mkuu aliipunguza redio.

"Subiri mpira uishe," Mkuu alisema. "Dakika tisini. Ukimgusa kabla, Jumatatu usilete sare yako, iache huko huko kwenu."

"Gari la mahabusu linakuja saa kumi na moja. Mpira unaisha saa kumi na mbili kasoro robo, na hapa mpaka kituoni..."

"Subiri mpira uishe, Sajini." Akakata.

Wakasubiri. Kipa wa akiba alikuwa mwembamba, na kila mpira uliopigwa langoni kwake ulimfanya aruke mapema mno. Dakika ya nane Nyuki walifunga. Ngoma zilikatika kama zimekatwa kwa kisu. Mkandaji alikuwa amekaa mwisho wa benchi, begi jekundu mapajani, macho hayatoki langoni.

Dakika ya kumi na nne simu ya Sajini ililia. Alikuwa askari wa kaunta, mwanamke aliyeanza naye kazi mwaka uleule.

"Shoga, gari la mahabusu limefika."

"Saa kumi na robo?"

"Mkuu amewapigia wawahi. Anataka saini yangu sasa hivi. Nimewaambia natafuta funguo."

"Tafuta."

"Nimeshazitafuta mpaka ndani ya sufuria ya chai. Nina dakika kumi, zaidi ya hapo watavunja kufuli na mimi pamoja nalo."

Uwanjani kipa wa akiba alitoka kugombania kona, akagongana na beki wake, akaanguka vibaya. Mwamuzi alipuliza. Mkandaji alikuwa ameshanyanyuka kabla filimbi haijaisha. Walimbeba kipa mpaka nyuma ya lango, nje ya mstari, na mkandaji akapiga magoti juu yake na begi wazi.

Sajini aliangalia benchi, akaangalia jukwaa, akaangalia simu.

"Usikate," alimwambia askari wa kaunta. "Fungua kitabu cha matukio. Shika kalamu."

Alivuka njia ya kukimbilia. Askari wa ulinzi wa uwanja alinyoosha mkono kumzuia, Koplo akamshusha mkono huo taratibu. Nyuma ya lango nyasi zilikuwa zimekatika, pamebaki vumbi. Kipa alikuwa amefumba macho, kiwiko kimefura. Sajini alichuchumaa upande wa pili wa mwili wake.

"Mzee. Umenakili mistari tisa vizuri sana. Kwa nini hukunakili na wa saba?"

Mikono mikubwa ilikuwa imeshashika kiwiko.

"Niache nimfunge huyu kwanza," mkandaji alisema.

"Funga."

Alizungusha bandeji mara moja, mara mbili, akipima kwa kidole gumba.

"Miaka saba nilimletea," alisema bila kuinua kichwa. "Kila kitu. Redio ikamwita awe na kipindi. Nikaenda Alhamisi kumwambia, tutajwe wawili. Akacheka. Akasema nitajwe kama nani, kama mchua miguu? Nikamsukuma. Kumsukuma tu, mama. Akaangukia kile chuma."

"Ukamwacha."

"Nilimshika shingo. Kazi yangu ni miili. Nilijua amekwisha."

"Halafu ukakaa ukaandika ubao, na yeye yuko chini."

"Ubao usingekuwepo asubuhi, watu wangegonga mlango." Alikaza fundo. "Niliandika kama alivyoandika. Mbili, sifuri. Nikautazama. Haikuwa sahihi. Sumaku hayupo, nimemfunga mkono mimi mwenyewe. Ningewezaje kuweka nje kitu ambacho najua si sahihi? Watu wanauamini ule ubao."

Kipa alikuwa amefumbua macho. Alikuwa anamtazama mkandaji, mdomo wazi, mkono wake ungali ndani ya mikono ile.

"Kuna mtu ameng'olewa kucha kwa ajili ya ubao huo," Sajini alisema. "Ulisikia kwamba amekamatwa?"

"Nilisikia."

"Ukaja kazini."

Mkandaji alikata bandeji kwa meno, akaibana kwa pini, akampigapiga kipa begani. Sajini akafungua pingu, akazifunga kwenye vifundo vile vinene, tundu la mwisho kabisa. Jukwaa la karibu liliona kwanza. Chupa ya maji ilitua futi mbili kutoka kwao, ikafuata nyingine, na kocha alikuwa anakuja mbio akipunga mikono yote miwili. Koplo alijiweka kati.

Sajini aliinua simu sikioni.

"Andika. Jumamosi, saa kumi na dakika kumi na tisa. Nimemkamata mkandaji wa timu ya Wahunzi kwa kifo cha kinyozi. Maelezo yamesainiwa mbele ya shahidi. Amekiri mbele yangu na mbele ya mchezaji mmoja. Weka jina langu na namba yangu."

Kalamu ilisikika ikikwaruza.

"Nimeandika. Imeingia kitabuni, haifutiki. Na huyu Dereva?"

"Hasainiwi gari lolote. Waonyeshe kitabu. Mtoe selo, umkalishe kaunta mbele ya watu. Mpe viatu vyake."

Askari wa kaunta alishusha sauti.

"Haviingii, shoga. Miguu imevimba."

"Basi mtoe peku," Sajini alisema. "Sasa hivi."

Alisikia rundo la funguo likitua mezani, kisha mlango wa chuma.